Namna ya Kumtafuta Koko Aliyehamishwa Wakati wa Bushiri

Usianze na jina lake. Anza na jina la mume wake, la kaka yake, au la mwanaume yeyote aliyechukuliwa pamoja naye. Inauma kusema hivyo, maana anayetafutwa ni mwanamke, lakini ndivyo Bulamatari, serikali ya Kibelgiji, alivyopanga karatasi zake. Mwanaume ndiye aliyekuwa na kitabu cha utambulisho, ndiye aliyelipa kodi, ndiye aliyefunguliwa fishi wakati wa kuhesabu watu. Mke aliingizwa katika fishi ya mume kwa mstari mmoja, mara nyingine kwa jina, mara nyingine kwa hesabu tu: mke mmoja, watoto wawili.

Ziko familia za Masisi na Walikale ambazo koko yao alipelekwa mbali baada ya uasi wa Bushiri wa 1944 na hakurudi, au alirudi baada ya miaka mingi akiwa na watoto ambao hawakuijua lugha ya nyumbani. Naandika kwa wajukuu wa wanawake hao, wanaotaka kujua alipelekwa wapi, aliishije na alizikwa wapi. Kazi hii inawezekana, ila inahitaji njia mbili zitembee pamoja. Karatasi zitakupitisha kwa mume, na kumbukumbu za watu zitakupitisha kwa baba yake mzazi, pale alipozaliwa na mahali mbuzi wa mahari yake walipoingia. Ukishika njia moja tu utapata nusu ya mtu.

Kabla ya kugusa faili yoyote, lielewe vizuri tukio lenyewe, kwa sababu litakusaidia kujua karatasi ipi ilitengenezwa na nani. Kitawala, dini iliyouchochea uasi huo, kilitokana na mafundisho ya Watch Tower yaliyopita Nyasaland na Rhodesia, kikaingia Katanga katika miaka ya 1920, kisha kikapanda kuelekea kaskazini. Serikali yenyewe ilisaidia kukieneza: waumini waliofukuzwa Katanga walipelekwa sehemu za mbali ili wanyamaze, na huko wakahubiri. Ikaja Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 siku za kazi za lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira wa porini, kwa kuwa Wajapani walikuwa wameteka mashamba ya mpira ya Asia. Mwanzoni mwa 1944 Bushiri Lungundu, mtu wa Wakumu na wa Kitawala, akawainua watu wa msitu ulio kati ya Masisi na Lubutu. Force Publique, jeshi la koloni, ikauzima uasi kwa silaha. Kuna waliouawa, kuna waliopelekwa mahakamani, na kuna walioondolewa kwao kwa saini ya mkubwa wa serikali bila kesi yoyote.

Tofauti kati ya makundi haya mawili ya mwisho ndiyo inayowapoteza watafutaji wengi. Aliyehukumiwa na mahakama ana karatasi za mahakama na za gereza. Aliyehamishwa kwa amri, kufuatana na dekreti ya tarehe 5 Julai 1910, hana hukumu wala kifungo chenye idadi ya miaka. Dekreti hiyo iliipa serikali uwezo wa kumwondoa mtu mahali na kumlazimisha akae kwingine kwa sababu tu mwenendo wake ulionekana kuhatarisha utulivu. Basi ukienda kumtafuta katika madaftari ya mahakama na kukosa jina, usihitimishe kwamba habari za familia ni uongo. Mtafute katika idara ya mambo ya wenyeji na wafanyakazi, ile ambayo karatasi za Kifaransa huiita AIMO. Neno la kutafuta ni relégué, na kwa mwanamke aliyepewa amri yake mwenyewe ni reléguée. Herufi hiyo moja ya mwisho ikague kwa makini kila unapoiona, kwa maana inakuonyesha kama koko yako alifukuzwa yeye, au alimfuata tu mume aliyefukuzwa.

Wanawake waliopata amri au hukumu zao wenyewe kwa kawaida ni wale ambao serikali iliwaogopa kama viongozi. Maria N'koi, mganga na nabii wa Équateur, alikamatwa mwaka 1915 na kuhamishwa kwao. Katika kesi ya nabii Simon Kimbangu kule Thysville mwaka 1921, Mandombe, msichana mdogo, alipewa miaka miwili ya kazi ngumu. Kwa hiyo kama mnasimulia kwamba koko alikuwa akiponya, akihubiri au akibatiza, jaribu jina lake kwanza. Kama alikuwa mke wa mtu wa Kitawala na mkulima kama wengine, rudi kwa mume.

Kabla ya kuandika barua popote, kaa chini na karatasi ya majina ya mahali. Koko wa Walikale anaweza kuwa katika faili iliyoandikwa Masisi. Hata jina la uasi wenyewe linaonyesha hilo: wanahistoria huuita wa Masisi na Lubutu, na Walikale iliyo katikati haitajwi. Kivu ya leo iliitwa mkoa wa Costermansville tangu 1933 hadi 1947, na mji wa Costermansville ndio Bukavu. Stanleyville ni Kisangani, Ponthierville ni Ubundu, Coquilhatville ni Mbandaka, Elisabethville ni Lubumbashi. Kivu ya Kaskazini haikuwa mkoa wa peke yake hadi 1988, hivyo karatasi za mkoa za miaka ya 1940 zitafute upande wa Bukavu, usitegemee Goma. Kwa watu wa upande wa Lubutu uliza pia Kisangani.

Majina ya watu yana taabu kubwa zaidi. Karani Mbelgiji aliandika alivyosikia, na kama alikulia katika Kiflemi, sauti ya u aliiandika oe. Kama alikuwa wa Kifaransa, aliiandika ou. Wakumu utawakuta kama Bakumu au Bakoumou. Andika jina la mume kwa kila namna inayowezekana, halafu uongeze jina la baba yake, la kijiji, la grupema na la mwami au sultani wa wakati ule. Majina ya wanaume yanafanana sana, na kitakachokuthibitishia kwamba huyu ndiye ni kijiji pamoja na jina la baba. Jihadhari pia na jambo hili la Masisi: katika miaka hiyohiyo, tangu 1937, familia nyingi kutoka Rwanda zililetwa Gishari na milima ya jirani kupitia Mission d'immigration des Banyarwanda. Hao nao wana faili za watu waliohamishwa, lakini ni habari nyingine kabisa. Waliletwa Masisi kuishi, ilhali koko yako aliondolewa. Mtu mwenye haraka anaweza kuchanganya orodha hizo mbili na kujiletea ugomvi ambao hakuutafuta.

Sasa alipelekwa wapi? Wengine waliwekwa tu katika kijiji cha sheferi nyingine, teritwari nyingine, chini ya macho ya msimamizi. Wale walioitwa hatari walipelekwa katika makambi ya kilimo: Lowa upande wa Ponthierville, Ekafera katika misitu ya Équateur, Kasaji huko Katanga, Oshwe upande wa magharibi. Mtu wa Walikale anaujua mto Lowa tangu utoto, kwani unapita palepale mjini. Maji hayohayo hushuka hadi kwenye Lualaba, mahali palipo Lowa. Usichukulie kwamba alikaa mahali pamoja. Watu walihamishwa kutoka kambi hadi kambi, na kila uhamisho ulizaa karatasi. Ukipata kambi moja, uliza karatasi zake za kuingia na za kutoka.

Faili ya mume ukiipata, isome polepole na usikimbilie mwisho. Kwa kawaida kuna amri yenyewe na sababu zake, sehemu ya utambulisho yenye kijiji na sheferi, ripoti za mwenendo wake kambini, na mwisho wake: kuachiliwa, kuhamishwa au kufa. Koko yako yumo katikati ya mistari hiyo. Tafuta palipoandikwa kwamba alifuatana na mke wake. Tafuta barua ya kuomba mke aruhusiwe kumfuata, au ya mke kuomba arudi kwao. Tafuta jambo la ugonjwa, la uzazi, la shamba, la watoto wa shule. Tazama idadi ya watoto: kama mwaka mmoja ni wawili na miaka mitatu baadaye ni watatu, umejifunza kwamba alizaa kambini, na sasa una swali la kwenda nalo kwa wazee. Na kama mume amekufa na faili imefungwa siku hiyohiyo, fahamu kwamba serikali ilifunga habari za mume. Mjane aliendelea kuishi. Angalia kama kuna karatasi ya kumrudisha kwao, na kama haipo, fikiri kwamba huenda aliolewa hukohuko.

Faili nyingi za Bulamatari zilisafirishwa Ubelgiji wakati wa uhuru. Zilikaa miaka mingi katika Wizara ya Mambo ya Nje mjini Brussels kwa jina la Archives africaines, na zimekuwa zikihamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, katika jengo la Cuvelier hukohuko Brussels. Kwa sababu ya uhamisho huo, kabla ya ndugu yako wa ughaibuni kukata tiketi, aandike kwanza aulize sanduku liko wapi na kama linaruhusiwa kusomwa. Barua iandikwe kwa Kifaransa, fupi, yenye jina la mume na tahajia zake zote, teritwari, mkoa kwa jina la zamani, na miaka. Kinshasa kuna Hifadhi ya Taifa pale Gombe. Huko mtu anayekwenda mwenyewe, akakaa na kuuliza kwa heshima, hupata zaidi ya aliyetuma barua. Kuhusu ofisi za teritwari na sheferi, vita vimekula karatasi nyingi, kuanzia uasi wa 1964 hadi vile vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993. Hata hivyo uliza. Ninachokitamani mimi huko ni madaftari ya mahakama za kienyeji, hasa kesi za mahari. Mume akifukuzwa na mke akabaki, wazazi wake wangeweza kumdai binti yao na wakwe wakadai mbuzi wao, na katika kesi kama hiyo mwanamke husimama kwa jina lake mwenyewe, akiwa na baba yake, akijibu maswali. Ni karatasi chache za wakati ule zinazompa sauti namna hiyo.

Usisahau misheni. Mapadri Weupe waliandika diari katika kila misheni yao, siku kwa siku, na nakala za nyingi zilipelekwa Roma. Bobandana, kandokando ya Ziwa Kivu, ilikuwa mojawapo ya misheni zao katika nchi ya Masisi. Daftari la ubatizo lina kitu ambacho faili ya serikali haina: jina la mama. Wana wa koko wakiwa wamebatizwa, hata baadaye sana, hata Kisangani, mstari wao utamtaja yeye, na pembeni huenda kukawa na maandishi ya ndoa. Kwa familia zilizobaki katika Kitawala hutakuta ubatizo wa Kikatoliki, kwa hiyo kwao mdomo wa mtu una uzito zaidi ya daftari.

Na mdomo huo una adabu yake. Usifike kwa mzee na simu mkononi ukiuliza mwaka. Salimia, kaa, ueleze wewe ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani, ili ajue anaongea na damu yake. Uliza habari za ukoo kwanza, na uwaulize shangazi na wakwe wa kike, maana habari za mwanamke hutunzwa na wanawake: nani alimlea mtoto aliyeachwa, nani alikataa kula siku aliyoondoka, nani alipewa jina lake. Ukiambiwa na kila mtu kwamba hawajui, uliza nani katika ukoo ana jina la koko huyo. Jina hurithiwa kwa sababu, na aliyepewa huambiwa sababu.

Tarehe zipate kwa matukio. Koko aliolewa kabla au baada ya moto wa Nyamulagira kushuka hadi ziwani karibu na Sake? Hiyo ni 1938 hadi 1940. Mtoto wa kwanza alikuwa anatembea wakati watu wa Rwanda walipokimbia njaa ya Ruzagayura? Hiyo ni 1943 na 1944. Alirudi kabla ya uhuru au baada? Uhuru kila mtu anaukumbuka, 30 Juni 1960. Kwa maswali matatu ya namna hii utapata kipindi cha miaka michache, nacho kinatosha kuombea faili.

Kwa Wanyanga kuna jambo la pekee la kuuliza mapema. Zamani binti aliweza kuwekwa kwa ajili ya roho akaitwa mumbo. Alibaki kwa baba yake, na watoto wake walikuwa wa nyumba ya baba yake. Kama koko yako alikuwa mumbo, kumtafuta kwa jina la mume kutakupotezea muda mwingi. Mtafute kwa baba na kaka zake. Kama kaka zake walikamatwa, yamkini yeye ndiye aliyebaki akilima na kulea watoto wa wote, na habari zake za kufukuzwa ni za waliobaki nyuma. Nazo ziandike. Kubaki na nyumba isiyo na wanaume, huku kodi na mpira vikidaiwa, kulikuwa adhabu ambayo haikuandikwa katika amri yoyote.

Ukichoka, waangalie waliotafuta wenzao kwingine, upate kipimo. Wanawake wapatao 25,000 walisafirishwa na Uingereza kwenda makoloni ya adhabu ya Australia, na wale waliofika Tasmania waliandikwa kila mmoja kwa jina lake: umri, urefu, rangi ya macho, kazi aliyoijua, makosa aliyoyafanya baada ya kufika. Mjukuu wao leo anaweza kusoma maisha ya bibi yake akiwa amekaa kwake. Kwetu, hata hesabu yenyewe huhesabu wanaume. Kanisa la Kimbangu husema familia 37,000 zilihamishwa kati ya 1921 na 1959. Wanahistoria wanabishana juu ya idadi hiyo, lakini tazama kinachohesabiwa: familia, kwa vichwa vya wenye nyumba. Wake zao wako ndani ya tarakimu hiyo, hawaonekani.

Karibu na kwetu zaidi, Mekatilili wa Menza wa Wagiriama wa Kenya alikamatwa mwaka 1913, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, na mwaka 1914 walitoroka kurudi pwani. Maofisa Waingereza waliandika kukamatwa kwake na kutoroka kwake. Wagiriama walihifadhi alivyosema na alivyocheza kifudu akikusanya watu. Muhumusa, nabii wa ibada ya Nyabingi, alishikiliwa na Wajerumani Bukoba, kisha Waingereza wakamkamata mwaka 1911 na kumweka Kampala hadi kifo chake mwaka 1945. Anayemtafuta lazima asome serikali mbili. Kwa Congo, mwanahistoria Mmarekani Nicole Eggers alichanganya faili za Ubelgiji na mazungumzo ya wazee wa Kitawala katika kitabu chake Unruly Ideas cha 2023. Ukipata mtu wa kukusomea, kitakuonyesha jinsi wazee wanavyoweza kuijibu faili.

Mahali ambapo karatasi na wazee wanapingana, usichague haraka. Faili ikisema mke alirudi kwao 1950 na familia ikasema hakurudi kamwe, andika yote mawili, pamoja na jina la aliyesema na siku aliyosema. Huenda alirudi kwenye teritwari bila kurudi kijijini, kwa sababu kijiji kilikuwa kimehamishwa kando ya barabara, au ndugu wa mume walimkataa. Swali la aina hiyo ndilo linalokufikisha kwenye maisha yake halisi.

Kuhusu usalama nasema wazi. Leo barabara ya Goma, Sake na Masisi si ya kwenda kutafuta karatasi, na Walikale imeona mapigano mjini mwaka 2025. Wazee wengi wako Goma, Bukavu na Kisangani, katika nyumba za ndugu; anza na hao. Maswali ya ukoo, kijiji na mipaka ya sheferi yanaweza kusikika kama madai ya ardhi mbele ya mtu mwenye bunduki, kwa hiyo usitembee na orodha ya majina ya koo mfukoni, usirekodi njiani, na usitume majina ya walio hai katika makundi ya simu. Mzee akikataa kutajwa, andika habari na uache jina lake. Kila ulichopata kinakilie mara tatu: moja nyumbani, moja parokiani au kwa mchungaji mnayemwamini, na moja kwa ndugu aliye nje ya mkoa.